Dirisha la Nakiete

Wapendwa, mmeona wenyewe mshumaa wa nne wa Majilio ulivyotusumbua asubuhi hii. Mzee wa kanisa amemaliza njiti tatu, na watoto wa benchi la mbele wameshindwa kuzuia kicheko. Hakuna neno. Nuru imesumbua watu tangu zamani. Kaeni vizuri, wenye watoto wapakateni, niwape mfano wa mama mmoja aliyegombania nuru na jirani yake mpaka akashinda. Halafu msikilize ushindi wenyewe ulivyomgeuka.

Mama huyo aliitwa Nakiete. Alikuwa mjane, fundi cherehani, umri wake miaka sitini na mmoja, akiishi kule milimani Upareni, katika kijiji ambacho ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja tu, lililotazama kaskazini. Chini ya dirisha hilo ndipo cherehani yake ya miguu ilipokaa miaka ishirini na saba, hata vile vyuma vyake vikachimba vishimo sakafuni. Umeme ulikuwa umefika barabarani, haujashuka kwake. Kitaa chake cha sola kilitosha kumulikia sahani ya chakula, hakikutosha kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo alishona kwa mwanga wa Mungu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kama yachokavyo macho ya mafundi wote.

Mwaka huo kanisa lilimpa kazi kubwa: majoho thelathini ya kwaya ya watoto, yavaliwe siku ya Krismasi. Kitambaa kilikuwa cha bluu iliyoiva, karibu na nyeusi, na uzi wake bluu hiyohiyo. Akina mama mnaoshona mnanielewa. Bluu juu ya bluu, mahali penye mwanga hafifu, ni sawa na kutafuta sisimizi kwenye gunia la mkaa.

Wiki ya pili ya Novemba, jirani yake akaanza kujenga ukuta.

Jirani huyo alikuwa Mzee Senkoro, aliyewahi kuwa bwana miti wa serikali, mtu mpole mwenye maneno machache. Aliishi na mkewe, Eunike, watoto wao wakiwa wamekwisha kuhamia mijini. Mzee Senkoro akaleta matofali ya kuchoma, akaita fundi mwashi, na ukuta ukaanza kuizunguka nyumba yake. Ulipofika upande wa Nakiete ulipita hatua tatu tu kutoka dirishani, ukapanda kozi juu ya kozi, safu ya matofali juu ya safu, mpaka ukazidi kimo cha mtu. Chumba cha Nakiete kikaingia giza mchana kweupe.

Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akajifunga khanga kiunoni, akaenda kupiga hodi. Mzee Senkoro akatoka, akasimama mlangoni, na mlango akaurudishia nyuma yake.

“Mzee Senkoro, unanifungia dunia,” akasema Nakiete. “Huo ukuta wa nini? Tangu tuzaliwe katika milima hii, nani amemwibia mwenzake?”

“Si habari ya wizi, mama.”

“Basi ni habari ya nini?”

Mzee akatazama mikono yake. “Kiwanja ni changu, mama Nakiete. Nisamehe. Sina budi kujenga.”

Sina budi! Maneno hayo yalimkaa Nakiete kooni kama mwiba wa samaki. Maana kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, la zamani kidogo kuliko ukuta. Yeye na Eunike waliwahi kuimba pamoja sauti ya pili, wakishikilia kitabu kimoja cha nyimbo. Lakini kwa zaidi ya mwaka Eunike hakuonekana kanisani. Na walipokutana njiani alimpita Nakiete kama mtu apitavyo mti. Nakiete alimsalimu mara ya kwanza, kimya. Akamsalimu mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akajiambia: “Mwanawe amepata kazi kubwa mjini, sasa sisi tumekuwa nyasi.” Kwa hiyo ukuta ulipopanda, yeye hakuona matofali. Aliona kiburi cha Eunike kikipangwa kozi kwa kozi.

Je, si ndivyo tulivyo? Mtu akitupita kimya, hatumwulizi sababu. Tunamtungia sisi wenyewe, na tukishaitunga tunaiamini.

Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaja Jumapili ya kwanza ya Majilio, mchana, na nusu ya kijiji nyuma yake. Akaingia chumbani kwa Nakiete, akafungua gazeti, akashindwa kusoma hata kichwa cha habari. Akatoka akisema, “Mzee Senkoro, mama huyu ana haki ya kupata mwanga. Acha pengo hapo mbele ya dirisha lake.”

“Mwenyekiti, ukuta wenye pengo hauna kazi,” akasema Mzee Senkoro.

“Basi tueleze kazi yenyewe ni ipi, tuamue vizuri.”

Mzee akafungua kinywa. Akatazama ule umati, akina mama wenye ndoo, vijana waliokuja kutafuta cha kucheka. Akafunga kinywa. “Acheni,” akasema. “Nitabomoa.”

Fundi mwashi akabomoa siku ya pili yake, pengo la hatua mbili, toka juu hadi chini, na mwanga ukarudi chumbani kwa Nakiete. Jumapili iliyofuata, wakati wa shukrani, alisimama mbele ya kanisa akiwa amevaa gauni lake la kitenge kipya. “Niliomba nuru,” akasema, “na Bwana amenipa nuru. Amenishindia.” Watu wakampigia makofi. Hata mchungaji alipiga, wapendwa. Sisi wachungaji nasi hupiga makofi tusipojua.

Sasa sikilizeni. Zilikuwa zimebaki siku kumi Krismasi ifike. Ilikuwa Jumatano, kama saa nne asubuhi, na Nakiete alikuwa akipinda joho la kumi na tisa. Kivuli kikapita juu ya kitambaa. Akainua macho.

Alikuwa Eunike. Amepita penye pengo, sasa anapita mbele ya dirisha, pekupeku, amevaa gagulo na sweta iliyogeuzwa nje ndani, na kifuani ameikumbatia sahani ya bati. Alitazama mbele tu. Hakugeuza shingo.

Miguu ya Nakiete ikasimama juu ya cherehani. “Hata leo,” akasema moyoni. “Anapita dirishani kwangu kabisa, na salamu hana.” Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka ili aite. Yalikuwa yamebaki maneno mawili tu, dada Eunike. Kisha akainamisha kichwa, na cherehani ikaanza tena kulia.

Alimwona, wapendwa. Alimwona vizuri, kwa nuru ileile aliyoipigania, akainamisha kichwa.

Haikupita nusu saa, Mzee Senkoro akaja mbio, mikono imejaa unga mpaka viwikoni.

“Mama, umemwona Eunike?”

“Amepita hapa.”

“Saa ngapi?”

“Kitambo. Nimeshapinda joho zima tangu apite.”

Mzee akashika kizingiti cha mlango. “Alikuwa peke yake?”

“Peke yake. Kwani vipi? Mtu mzima hawezi kwenda shambani kwake?”

“Hajui shamba liko wapi,” akasema Mzee Senkoro. “Hajui hata nyumba iko wapi. Huu ni mwaka wa pili, mama, akili yake inaondoka, leo kidogo, kesho kidogo. Asubuhi hii ameniuliza mimi ni mgeni wa nani. Mara mbili nimemkuta kwenye ukingo wa korongo, mguu mmoja hewani. Ndiyo maana nilijenga.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema mbele ya nani? Ya wale waliokuja na mwenyekiti? Mngesema amelogwa. Watoto wangemfuata nyuma wakimzomea, na hao watoto yeye ndiye aliyewafundisha kusali.” Akajipangusa uso, unga ukabaki kwenye mashavu. “Nisaidie kumtafuta, mama. Ukungu unashuka.”

Nakiete akainuka, joho likaanguka chini, akalikanyaga. Akatoka nje akapiga yowe, lile yowe la msiba au moto, na watu wakaacha majembe wakaja. Wote wakateremka na Mzee Senkoro upande wa korongo, wakiita. Na ukungu ulikuwa ukishuka kweli. Mtu wa hatua kumi mbele humwoni, unasikia kikohozi chake tu.

Nakiete aliteremka nao kidogo, akasimama. Ile sahani ilikuwa imemjia. Mtu anakwenda wapi na sahani? Anakwenda kuosha. Na wasichana wa zamani wa kijiji kile, kabla ya mabomba, walikuwa wakiosha vyombo kule juu, kwenye ndiva, lile bwawa la kukinga maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba. Mvua za vuli zilikuwa zimelijaza. Akageuka, akaanza kupanda mlima peke yake, magoti yakimlilia, akishika majani ya kahawa ili asiteleze. Njia nzima alikuwa akisema, “Bwana, nilimwona. Bwana, wewe unajua nilimwona.”

Akamkuta. Eunike alikuwa amesimama ndani ya bwawa, maji yamefika kiunoni, anaosha sahani. Mbele yake hatua mbili ndipo kina kinapoanzia, na chini ni tope tupu. Alikuwa akitetemeka, lakini anaosha, taratibu, kwanza ndani halafu nje.

Nakiete akaingia majini na viatu vyake. “Dada Eunike,” akaita kwa sauti ndogo.

“Usinichafulie maji. Ninaosha vyombo vya mama.”

“Sichafui. Nipe mkono, nikusaidie kubeba.”

Eunike akamgeukia, nywele zake nyeupe zimejaa matone ya ukungu. “Wewe ni nani?”

“Mimi ni jirani yako.”

“Hapana,” akasema Eunike kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. “Jirani yangu ni Nakiete. Tunaimba naye sauti ya pili. Anashona vizuri, yule.” Akaitazama sahani yake. “Siku hizi haji. Sijui nilimkosea nini.”

Nawauliza, ndugu zangu: ungekuwa wewe, maji yamekufika kiunoni, umeambiwa hivyo, ungejibu nini? Mume wake hamjui. Nyumba yake haijui. Lakini yule aliyekuwa akimsema vibaya mwaka mzima, huyo bado alikuwa naye moyoni, na hakumwekea kinyongo hata kidogo.

Nakiete alivua khanga yake, akamzungushia mabegani. “Hukumkosea kitu,” akasema. “Atakuja. Leo hii atakuja.” Na Eunike akampa mkono.

Wakateremka polepole. Ilifika saa nane mchana ndipo wakawa wameketi jikoni kwa Mzee Senkoro, moto umekokwa, Eunike amevikwa mablanketi mawili anakunywa uji. Mzee alikuwa amepiga magoti akiisugua miguu ya mkewe. Hakumlaumu Nakiete hata kwa jicho. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

“Ziba lile pengo,” akasema Nakiete.

“Na majoho ya watoto?”

“Ziba, baba.”

“Mwenyekiti alikwisha kuamua, mama.”

“Dirisha ni langu. Kama mwenyekiti analitaka pengo, aje akeshe hapo yeye kumlinda.”

Kesho yake fundi mwashi akarudi, na Nakiete akawa saidia fundi. Alibeba matofali mawili mawili, akampokeza. Yule aliyeshukuru kanisani kwa ukuta kubomolewa alikuwa sasa anakoroga udongo wake kwa jembe. Ilipofika adhuhuri kozi ya mwisho ikakaa. Nakiete akaingia chumbani, akaketi kwenye kigoda chake, akaishika sindano mbele ya uso wake. Tundu hakuliona. Yalikuwa yamebaki majoho kumi na moja.

Alijaribu kuitoa cherehani nje, barazani. Mvua ya upepo ikapiga, kuku wakapita, joho moja likapata matone ya tope ambayo hayakutoka hata kwa sabuni. Akairudisha ndani. Akaenda kwa mwalimu wa kwaya.

“Mwalimu, haya yaliyobaki huenda yasiishe.”

Mwalimu wa kwaya akashusha pumzi. “Mama, si ulisimama kanisani ukashuhudia kwamba umepata nuru?”

“Nilipata,” akasema Nakiete. “Nimeirudisha.”

Hakueleza zaidi. Watu walijua tu kwamba Eunike alipotelea kwenye ukungu; siri iliyobaki haikuwa yake. Mwalimu akabaki anatikisa kichwa, akiamini kwamba mama wa watu amezeeka.

Tangu Ijumaa hiyo, kila asubuhi, Nakiete alichukua kitambaa, sindano na mkasi, akaenda kuketi na Eunike uani, ndani ya ukuta. Alipinda pindo kwa mkono. Siku ya kwanza Mzee Senkoro alisema anakwenda kujilaza kidogo tu, akalala toka saa tatu hadi saa nane, bila kugeuka. Ilikuwa miezi mingi hajalala hivyo. Eunike alipenda kushika upande mmoja wa kitambaa. Siku nyingine alimwita Nakiete mdogo wake, siku nyingine mama mkwe. Siku moja, Nakiete alipokwenda kutazama uji jikoni, Eunike alifumua pindo zima la joho, kwa utaratibu mzuri kabisa, akalikunja, akamkabidhi huku anatabasamu. Nakiete akalitazama. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaanza upya.

Kazi ya mkono haikimbii, mnajua. Ilipofika Jumanne ya wiki ya Krismasi, yalikuwa yamekamilika manne tu. Asubuhi hiyo Mzee Senkoro alimwomba akae na mkewe kwa muda mrefu kidogo, yeye ana shughuli nje. Hakusema shughuli gani. Nakiete akakaa. Saa saba mchana mzee aliingia, akachukua zamu yake, na Nakiete akaenda kwake kupika chakula.

Akafungua mlango wa chumba cha kazi, akarudi nyuma. Alidhani bati limeng’oka. Chumba kilikuwa kinang’aa. Akatazama juu, bati lipo. Akatazama dirishani.

Ukuta ulikuwa mweupe. Wote, toka chini ardhini hadi kozi ya mwisho, umepakwa chokaa mara mbili, na brashi ya katani ilikuwa bado imeegemezwa hapo, inachuruzika.

Mnajua, mwezi wa Desemba jua hupita upande wa kusini. Nyumba ya Nakiete ilikuwa fupi, kwa hiyo jua lilikuwa likipita juu ya paa lake na kuupiga ule ukuta usoni siku zote hizo. Lakini matofali yalikuwa mekundu, yamefifia, yaliumeza mwanga wote. Sasa chokaa ilikuwa inaurudisha, unaingia dirishani, unafika mpaka chini ya cherehani, mpaka kwenye vishimo vya sakafu. Nakiete akachukua sindano. Akachukua uzi wa bluu. Ukapita tunduni mara ya kwanza.

Akatoka mbio mpaka mlangoni kwa jirani. “Mzee Senkoro, umefanya nini?”

Mzee alikuwa na chokaa kwenye nyusi. “Krismasi hiyo, mama. Kila mtu anapaka nyumba yake. Nikaona mimi nianze na upande wako.” Akajipangusa chokaa. “Unaona sasa?”

“Naona.”

“Kama zamani?”

“Kuliko zamani,” akasema Nakiete, akaketi palepale kizingitini akalia. Eunike akaja akaketi pembeni yake, akamshika mkono, bila kujua analilia nini.

Siku ya Krismasi watoto waliingia kanisani na majoho yao. Ishirini na nane yalikuwa na pindo. Mawili, kwa kuwa Nakiete aliendelea kuketi na Eunike kila asubuhi, yalishikizwa kwa pini, na kuna mama mmoja aliyeyaona akamnong’oneza mwenzake, maana hata Krismasi watu wa kuhesabu pindo hawakosekani. Mzee Senkoro alikuja, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Aliketi upande wa ndani wa benchi, Eunike katikati, na Nakiete akaketi mwisho, upande wa njia. Wimbo wa pili ulipoanza Eunike akainuka anataka kutoka. Nakiete hakumvuta chini. Akainuka naye, wakatoka wameshikana mikono, wakalizunguka kanisa mara moja polepole, wakarudi wakaketi. Kanisa zima liliwaona. Hakuna aliyecheka. Ibada ilipokwisha, mama mmoja katika wale waliokuja na ndoo siku ile ya mwenyekiti alimsogelea Mzee Senkoro, akasema, “Baba, mimi Alhamisi sina kazi. Nitakuja nikae naye.” Mwingine akasema yeye Jumatatu.

Wapendwa, huo ndio mfano wangu. Sasa tuzungumze habari zetu.

Wiki hii sisi wote tunaomba nuru. Tunaomba biashara zetu zing’ae, masomo ya watoto yang’ae, mambo yetu yanyooke. Si dhambi. Nakiete naye alikuwa na haki ya kuiona sindano yake, na kazi yenyewe ilikuwa ya kanisa! Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuomba, “Bwana, nipe nuru nimwone anayepita dirishani kwangu”? Tunaomba mwanga tuone kazi. Mungu anatuma mwanga tuone mtu. Na ukimwona mtu ukainamisha kichwa, ndugu yangu, hata ukiwa na jua lote la Desemba ndani ya nyumba, bado uko gizani.

Ni kuta ngapi tumemwomba Mungu atubomolee, na hatujawahi kuuliza nyuma ya kuta hizo amekaa nani? Kuna nyumba hapa mtaani mlango haufunguki. Tumekwisha kusema wale ni watu wa kujisikia. Je, tunajua? Huenda mle ndani kuna mtu anasuguliwa miguu na mumewe, na mume huyo hajalala tangu mwaka jana.

Na sasa niwaambie Krismasi ni nini. Sisi ndio tuliopotea na sahani mkononi. Sisi ndio tuliomtazama Mungu usoni tukamwuliza, wewe ni nani? Naye hakusimama ukingoni akituita kwa hasira. Aliingia majini na viatu vyake. Akazaliwa na mama kama sisi, akapakatwa, akasikia baridi, akasema, mimi ni jirani yako. Hiyo ndiyo nuru iliyokuja duniani. Haikuja ili tuitazame tu na kuisifu. Imekuja itupige usoni sisi kuta nyekundu, tunaomeza kila tunachopewa, itugeuze, ili aliye gizani upande wa pili apate kutunga uzi wake. Chokaa haina mwanga wake yenyewe, jamani. Wala sisi hatuna. Jua ni la Bwana.

Taa za rangi mlizozifunga madirishani sina ugomvi nazo, ni nzuri, watoto wanazipenda. Ila zikizimwa tarehe moja Januari, nani atakuwa ameonekana kwa sababu yako?

Tusimame. Kabla hatujaimba, kila mmoja amgeukie aliye karibu naye. Usimpe heri ya Krismasi bado. Mwulize swali moja tu, kisha umsikilize mpaka amalize: nyumbani umemwacha nani?